Nasaha kwa Anayetaka Kusoma Nasaba ya Vijidudu

Mwaka 1952, katika nyanda za Makonde kusini mwa Tanganyika, ilizuka homa ambayo waganga wa wakati ule hawakuwa na jina lake katika vitabu vyao. Ilimkamata mtu kwa ghafla, ikamlegeza viungo, ikamkunja mgongo na magoti hata akatembea kama aliyebeba mzigo asiouona mtu mwingine, na wenyeji, ambao hawakungoja maabara ili waseme waliyoyaona kwa macho yao, wakaiita chikungunya, yaani ile ikunjayo. (Waandishi wa ng'ambo walipolipata neno hilo walilihesabu kuwa la Kiswahili, na wako ambao wangali wakilirudia kosa hilo hata leo, ilhali neno ni la Kimakonde, na haki ya mwenyewe na apewe mwenyewe.) Nusu karne ilipopita, mwaka 2004, homa hiyo ilitua Lamu wakati wa kiangazi, maji yalipokuwa adimu na kila nyumba ikawa imeweka akiba yake katika mitungi, mapipa na mabirika, ambamo mbu waitwao Aedes aegypti walipata malazi mema kuliko walivyostahili, na damu za watu zilipopimwa baadaye ikakadiriwa kwamba robo tatu ya wakazi wa kisiwa walikuwa wameguswa. Mwaka huo huo ikaonekana Mombasa, mwanzo wa 2005 ikawa Ngazija, kisha Mayotte, kisha Réunion, ambako hata kufikia katikati ya 2006 zaidi ya theluthi moja ya wakazi walikuwa wameugua.

Sasa, je, ilikuwa homa moja iliyosafiri kama asafirivyo mfanyabiashara, bandari kwa bandari, au zilikuwa homa nyingi zilizozuka kila moja mahali pake? Mgonjwa wa Lamu na mgonjwa wa Ngazija walilia kilio kimoja, wakashika viungo vile vile, na wala hakuna tabibu, hata awe hodari namna gani, awezaye kutambua kwa kumtazama mgonjwa kwamba kirusi kilichomo katika damu yake ni mtoto wa kile, au ndugu yake, au mgeni asiyehusiana naye. Jawabu lilipatikana kwa kuisoma jenomu ya kirusi chenyewe, herufi kwa herufi, na kuilinganisha na nyingine. Nayo ikadhihirika kwamba virusi vya visiwa hivyo ni ukoo mmoja, tawi la jamaa ya virusi vya Afrika ya mashariki, kati na kusini.

Kwa kuwa elimu hii, ambayo zamani ilikaa katika maabara chache za Ulaya na Marekani, sasa imeshuka hata kwetu, ikakaa Kilifi, Nairobi, Entebbe, Kinshasa, Moshi na Morogoro, na kwa kuwa tabibu wa wilaya, afisa mifugo na kijana aliyetoka chuoni jana wanaweza wote kujikuta wakiulizwa, "Tusome jenomu?", nimeona si vibaya kuandika nasaha chache, nisije nikalaumiwa kwamba nilijua nikanyamaza. Maneno yangu yote yamesimama juu ya jambo moja: kuisoma jenomu ni kusikiliza ushahidi, na ushahidi, kama ajuavyo kila aliyewahi kukaa barazani kwa kadhi, una uzito wa shahidi wake na wa njia uliyoijia, hauna zaidi.

Kwanza tuelewane maana. Jenomu ni waraka wote wa maagizo ya kiumbe, ulioandikwa kwa alfabeti ya herufi nne. Waraka wa chikungunya una herufi takriban 11,800. Wa kirusi cha korona kilichotutaabisha mwaka 2020 una takriban 30,000. Wa bakteria wa kifua kikuu una takriban milioni 4.4, na wa kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, una takriban milioni 23, zimegawanyika katika kromosomu 14. Kila kiumbe kinapozaa huunakili waraka wake, na mnukuzi, awe kirusi au mwanadamu, hukosea. Wazee wetu walionakili tenzi kwa khati ya Kiarabu huko Pate na Lamu walilijua jambo hili vyema: mnukuzi akiruka neno katika ubeti, basi kila nuskha itakayotolewa katika nuskha yake italirithi pengo lile, na mtafiti azikutapo nuskha kumi mbele yake anaweza, kwa kuyafuata makosa yaliyorithiwa, kujua ipi ni mama na zipi ni binti, pasipo kuonana na mnukuzi hata mmoja. Hivyo ndivyo tuzipatavyo nasaba za vijidudu. Kosa ndilo alama.

Lakini wanukuzi hawana mwendo mmoja. Kirusi cha korona hupata, kwa wastani, kama herufi mbili mpya kwa mwezi; bakteria wa kifua kikuu, ambaye ni mnukuzi mwangalifu sana, hupata moja tu kwa takriban miaka miwili. Kwa hiyo wagonjwa wawili wa korona wenye jenomu zilizo sawa kabisa yamkini wameambukizwa katika majuma machache yale yale, hali wagonjwa wawili wa kifua kikuu wenye jenomu zilizo sawa kabisa huenda waliambukizana mwaka huu, na huenda mwaka juzi. Na anayechukua kipimo cha kiumbe kimoja akapimia kingine ni kama apimaye mchele kwa pima ya nguo.

Nasaha ya kwanza, basi, ni kwamba usisome jenomu kwa sababu mashine ipo na fedha ya mfadhili haijesha. Jiulize kwanza: nikilipata jawabu, nitatenda nini ambacho sasa sikitendi? Ikiwa mtoto ana homa na kipimo cha haraka cha malaria kinatosha kukuonyesha dawa ya kumpa, mpe dawa. Dengi ilipovamia Dar es Salaam mwaka 2014, jambo lililokuwa la haraka kwa tabibu aliyekaa mbele ya mgonjwa lilikuwa kujua kwamba hii si malaria, na kwa hilo kipimo cha kawaida kilitosha; nasaba ya kirusi ilikuwa ya kuwafaa wale wanaopanga kinga ya mji, nao wangeweza kungoja majuma mawili bila ya hasara. Jenomu husomwa pale panapokuwa na swali ambalo chombo kingine hakiwezi kulijibu: ugonjwa huu umetoka wapi, wagonjwa hawa ni mnyororo mmoja au minyororo mitatu, au je, kijidudu kimebadilika hata kipimo chetu au dawa yetu haikioni tena. Hili la mwisho si la kufikirika tu. Huko Eritrea vilipatikana vimelea vya malaria vilivyoipoteza jeni inayotengeneza ile protini ambayo vipimo vya haraka vilivyozoeleka huitafuta. Mgonjwa alijaa vimelea na kipimo kikasema hana kitu. Walipolijua hilo walibadili aina ya kipimo, na hapo usomaji wa vinasaba uliilipa gharama yake mara nyingi.

Yako pia magonjwa ambayo kipimo cha kingamwili huyachanganya. Mwaka 1959 kaskazini mwa Uganda ilizuka homa ya o'nyong-nyong, ikashuka Kenya na Tanganyika, ikawapata watu zaidi ya milioni mbili. Kirusi chake ni binamu wa karibu wa chikungunya, na kingamwili za mmoja humtambua mwingine kana kwamba ni yeye. Tofauti yake si ya kielimu tu, maana chikungunya huchukuliwa na mbu wa mchana azaliaye katika mapipa ya nyumbani, na o'nyong-nyong huchukuliwa na Anopheles, mbu wa malaria, aumaye usiku. Anayewakosea hawa wawili atawaambia watu wamwage maji ya mapipa pale ambapo angepaswa kuwaambia wakalale ndani ya vyandarua.

Ukiisha kulijua swali lako, shughulika na sampuli. Na hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa kuwa nimewaona vijana wengi wakiisoma mashine hata wakaijua kama wajuavyo simu zao, ilhali sampuli wanaipokea kama ipokewavyo barua ya posta. Kirusi cha chikungunya huonekana katika damu kwa siku chache za mwanzo wa homa, aghalabu si zaidi ya juma moja. Baada ya hapo mwili umekifukuza, na ukitoa damu siku ya kumi utapata kingamwili tele na jenomu usiipate. Basi tarehe ya kuandika si ile mgonjwa aliyofika hospitali, bali ile homa ilipoanza. Hizi ni tarehe mbili, nazo hutofautiana kwa siku tano au sita kwa mtu aliyejaribu kwanza mwarobaini, kisha duka la dawa, kisha ndipo akaja kwako. Kwa bakteria, chukua sampuli kabla ya mgonjwa kupewa viuavijasumu, si baada. Damu itakayosomwa vinasaba itiwe katika chupa yenye kifuniko cha zambarau; ile ya kifuniko cha kijani ina heparini, ambayo huikwamisha PCR, ile njia ya kukuza vinasaba, na nimewahi kumwona fundi akiilaumu mashine siku mbili kwa kosa lililofanyika katika wodi. Waraka wa RNA, kama ule wa chikungunya, ni dhaifu mno, huvunjika kwa joto la mchana mmoja. Usipokuwa na barafu ya kutosha tumia ile dawa ya maji ya kuhifadhia, ambayo humuua kirusi ikauacha waraka wake mzima, nayo humkinga pia mchukuzi. Damu iliyokaushwa juu ya karatasi ya chujio yafaa sana kwa malaria, maana vinasaba vya kimelea ni DNA, na DNA ni mvumilivu. Inaweza kutoka Kigoma kwa basi ndani ya bahasha yenye kikaushio ikafika salama.

Kisha andika. Siku moja zililetwa kwetu sampuli arubaini kutoka katika kituo ambacho sitakitaja, zimefungwa vizuri katika kasha la barafu na aliyefanya kazi hiyo bila shaka alijivunia. Ila barafu iliyeyuka njiani, maji yakaingia, na majina yaliyoandikwa kwa wino wa kawaida yakatoka yote, tukabaki na chupa arubaini za damu njema isiyo na mwenyewe. Tulizisoma saba kwa udadisi tu. Jenomu zilitoka nzuri, kamili, na hazikutufaa kitu, maana hatukujua ipi ni ya nani, ya lini, wala ya kijiji gani. Tangu siku ile nawaambia wanafunzi: andikeni kwa penseli au kwa kalamu ya wino usiofutika, ubavuni mwa chupa na si juu ya kifuniko, kwa kuwa vifuniko hubadilishana, na orodha ile ile iandikwe mara ya pili katika karatasi ikae nje ya barafu. Andika umri, jinsia, kijiji alicholala mgonjwa katika majuma mawili yaliyopita, na safari zake. Nahodha aliyetoka Ngazija juzi na fundi cherehani asiyevuka mlango wa nyumba yake ni mashahidi wa namna mbili, hata kama virusi vyao ni sawa herufi kwa herufi.

Baada ya sampuli, ogopa uchafu. Sisemi uchafu wa macho, bali ule wa vinasaba, ambao hauonekani wala haunuki. Yako masimulizi ya kweli kutoka Ujerumani ambayo kila mwenye kushika pipeti ingempasa kuyajua kabla ya kuishika: kwa miaka mingi polisi wa nchi ile, pamoja na wa Austria na Ufaransa, walimtafuta mwanamke mmoja ambaye vinasaba vyake vilionekana katika mahali kama arubaini palipofanywa uhalifu, pakiwamo Heilbronn, ambako askari polisi aliuawa mwaka 2007, wizi mdogo, mauaji, unyang'anyi, mwanamke yule yule kila mahali, asionwe na mtu. Mwaka 2009 ikagunduliwa kwamba hakuwapo mhalifu wa namna hiyo. Vijiti vya pamba walivyochukulia sampuli vilikuwa vimeguswa na mfanyakazi wa kike pale vilipotengenezwa, na ingawa vilitakaswa vijidudu, havikutakaswa vinasaba. Maana kuua kijidudu ni jambo moja, na kuufuta waraka wake ni jambo jingine. Basi kila safari unaposoma, weka sampuli tupu, yaani maji safi yasiyo na kitu, ipite njia yote zinayoipita nyingine, toka kutoa vinasaba hadi mashine. Ikiwa sampuli tupu imetoa jenomu ya chikungunya, usiandike taarifa; tupa kazi ya siku ile, safisha meza, anza upya. Najua fedha ni chache. Lakini taarifa ya uongo ni ghali zaidi, kwani hulipwa na watu wasiojua kwamba wanalipa.

Juu ya mashine sina maneno mengi, kwa sababu hubadilika kila mwaka na nasaha zake huchacha upesi. Ziko zinazosoma vipande vifupi vya herufi mia mbili au mia tatu kwa usahihi mkubwa, nazo ni kubwa, zahitaji umeme usiokatika na wagonjwa wengi ili gharama igawanyike. Na ziko zinazosoma vipande virefu vya maelfu ya herufi, ndogo hata hutiwa mfukoni, zilizokuwa na makosa mengi mwanzoni na sasa zimetengenea. Mwaka 2015 wataalamu walizichukua hizi ndogo katika mizigo ya kawaida ya ndege wakaenda nazo Guinea, wakasoma sampuli 142 za Ebola palepale nchini, nyingine matokeo yake yakipatikana kabla ya siku moja kupita. Anayefanya kazi wilayani na aanze na hiyo ndogo. Anayesimamia hospitali ya rufaa anaweza kuifikiria ile kubwa, ila aulize kwanza bei ya kemikali zake na ni nani atakayeitengeneza ikiharibika. Mashine nyingi nilizoziona zimefunikwa kitambaa hazikufa kwa uzee.

Kuna tendo moja la maabara ambalo lazima nilitaje kwa ukali. Mara nyingi, ili kuusoma waraka wa kirusi kilicho kichache katika damu, hukuzwa kwanza vipande vyake kwa viambata vinavyoshika mahali maalumu. Na ikiwa kirusi kimebadilika mahali pale pale, kiambata hakishiki, kipande kile hakikui, na panabaki pengo. Programu za kompyuta ni karimu kupita kiasi: zikiachwa bila kuangaliwa, ziko zitakazolijaza pengo hilo kwa kunakili herufi za jenomu ya marejeo, na taarifa ikatoka nzuri, nzima, bila doa. Hiyo ni ghushi. Mnukuzi aliyekuta karatasi imeliwa na mchwa akaandika ubeti kutoka katika nuskha ya mtu mwingine asilitaje jambo hilo, huyo hakunakili, amebuni. Tena amebuni mahali penyewe ambapo badiliko lilikuwa limejificha. Pale usiposoma, andika N. Jenomu yenye N mia tano zilizokiriwa ni bora kuliko jenomu kamili yenye uongo mia tano. Na hata palipokuwa na herufi, angalia imesomwa mara ngapi. Herufi iliyosomwa mara mbili ni uvumi, na iliyosomwa mara mia na kukubaliana ni karibu ya yakini.

Sasa tuje kwenye shajara. Kompyuta itakuchorea mti wa nasaba wenye matawi mazuri ya rangi, na hapo ndipo ghururi humwingia mtu. Mti huo unasema nani yuko karibu na nani. Hausemi nani alimwambukiza nani. Virusi vya Asha na vya Juma vikiwa sawa, yawezekana Asha alimwambukiza Juma, au Juma Asha, au wote wawili waliumwa na mbu waliotoka katika pipa moja la jirani ambaye hakupimwa. Vile vile, tawi likionekana kuanzia katika mji fulani, uliza kwanza kama mji huo ndio wenye maabara. Nchi inayosoma jenomu elfu itaonekana daima kuwa chimbuko la mambo, na jirani yake asiyesoma hata moja ataonekana hana hatia. Mwezi Novemba 2021, wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana walipokitambua na kukitangaza kwa uaminifu kile kirusi cha korona kilichopewa jina Omicron, malipo yao yalikuwa kufungiwa safari za ndege katika siku chache, ingawa kukiona kwanza si kukizaa. Na mimi siwezi kulitaja jambo hilo pasipo kuona aibu kwa niaba ya waliolifanya.

Hapo turudi kwenye chikungunya, kwa sababu kisa chake kinafundisha adabu ya kusoma kuliko kingine nikijuacho. Wataalamu wa Institut Pasteur, mwaka 2006, walipozisoma jenomu za virusi vya Bahari ya Hindi, waliona kwamba virusi vya mwanzo wa tufani ile, vya Réunion ya 2005, vilifanana mahali fulani na vile vya zamani, lakini vilivyokuja baadaye karibu vyote vilikuwa na herufi moja iliyogeuka, C ikawa U, na kwa herufi hiyo asidi amino ya 226 katika protini ya ganda iitwayo E1 ikatoka kuwa alanini ikawa valini. Herufi moja katika 11,800! Mtu mwenye haraka angetangaza siku ile ile kwamba hii ndiyo sababu ya Réunion kuangamia. Wao waliitaja dhana hiyo kama dhana. Ndipo mwaka 2007 wataalamu wakatengeneza virusi viwili vilivyo sawa kwa kila kitu isipokuwa mahali pale, wakawalisha mbu, na ikathibitika kwamba badiliko lile lilikiwezesha kirusi kumwingia vyema zaidi Aedes albopictus, mbu wa madoa meupe ambaye ndiye aliyejaa Réunion, ambako Aedes aegypti ni haba. Kirusi kilichopita Lamu na Ngazija kwa mbu mmoja kilijifunza kupanda chombo cha mwingine. Angalia mpangilio: kuona herufi kulikuja kwanza, kudhani kukafuata, na kusema kwa yakini kukangoja mbu walishwe. Kijana anayeona badiliko asilolijua katika jeni ya usugu wa dawa na akaandika kwamba dawa haifanyi kazi, hali hakuna mgonjwa aliyefuatiliwa wala kijidudu kilichooteshwa mbele ya dawa hiyo, ameziruka hatua mbili kati ya tatu.

Na kisa hakikuishia hapo. Badiliko lile lile la 226 lilionekana baadaye katika virusi vya India, lakini jenomu nzima zilipolinganishwa ikaonekana kwamba virusi hivyo havikulirithi kutoka Réunion. Vililipata vyenyewe, peke yavyo, kwa kuwa mbu wa aina ile alikuwako India pia na mlango ulikuwa wazi kwa yeyote atakayeubisha. Watu wawili wenye kidoti kimoja shavuni si lazima wawe ndugu. Kwa hiyo usihukumu nasaba kwa herufi moja, hata kama ni herufi mashuhuri.

Yabaki ya heshima. Ndani ya damu ya mgonjwa hamna kirusi tu. Mna vinasaba vya mgonjwa mwenyewe, vya mama yake na vya watoto wake, na mashine isiyo na haya huvisoma vyote pamoja. Viondoe kabla ya kuihifadhi kazi yako mahali ambapo wengine wataiona, na kabla ya yote mwambie mgonjwa, kwa lugha anayoielewa, damu yake inakwenda wapi na kwa muradi gani. Katika taarifa usitaje kijiji chenye nyumba kumi. Mwaka 2021 Ebola ilipozuka tena Guinea, jenomu zilionyesha kwamba kirusi kilikuwa kile kile cha ule msiba uliokwisha mwaka 2016, kimebadilika kidogo mno, na maana yake ilikuwa kwamba kimelala miaka mitano hivi katika mwili wa mtu aliyepona. Elimu hiyo ilikuwa ya lazima, lakini fikiri ilivyosikika masikioni mwa waliopona, ambao walikuwa wamezika jamaa zao na sasa wanatazamwa na majirani kama mitego iliyotegwa. Ukiwa na habari ya namna hiyo mkononi, nenda kwanza kwa wenyewe, kabla ya kwenda kwa waandishi.

Jenomu ukiisha kuisoma usiifungie sandukuni. Iweke katika hazina za dunia pamoja na jina la maabara yako na majina ya waliochukua sampuli, yule muuguzi wa zahanati akiwa mmoja wao, maana bila ya nuskha za wengine hata yako haina ya kulinganishwa nayo. Nyanda za Makonde zilimtoa kirusi wa 1953 aliyeoteshwa kutoka katika damu ya mgonjwa wa Newala, na mpaka leo yeye ndiye mmoja wa wazee ambao virusi vya Lamu, Réunion na India hulinganishwa naye.

Nawe tabibu wa wilaya, usiyeshika pipeti ila unapokea taarifa, usishikwe na taadhima ya mti wa rangi. Mwulize aliyeileta: sampuli tupu ilitoa nini, herufi ngapi hazikusomwa, wagonjwa waliosomwa ni wangapi kati ya waliougua, na ni kipi humu mmekiona na kipi mmekidhani. Akikujibu manne haya bila kukasirika, itumie taarifa yake. Na kesho asubuhi, mgonjwa wa kwanza mwenye homa na viungo vilivyokazana akiketi mbele yako, mwulize homa ilianza siku gani, ukaiandike tarehe hiyo ubavuni mwa chupa kabla hujakifunga kizibo.